Benno Alivyopimwa Angali Hai

Jumamosi ile Ida hakumsemesha mume wake, Benno. Alimwacha barazani, amejimwaga kwenye kiti, kikombe cha chai kimetulia juu ya tumbo kama kiko mezani. Akajifunga kitenge cha pili kwa sababu ya upepo wa Makambako, akaenda moja kwa moja kwa Mustapha, fundi seremala wa pale barabarani.

"Fundi, chukua futi yako twende nyumbani. Nataka jeneza."

Mustapha akaweka randa chini. "Pole sana, Mama Irine. Jamani, nani tena?"

"Baba Irine."

"Inna lillahi! Lini? Si jana tu nimemwona dukani kwake?"

"Hajafa. Yuko barazani anakunywa chai."

Mustapha alitoka Tanga miaka kumi iliyopita, na tangu hapo alikuwa ameuza vitanda na majeneza kwa watu wa kila aina. Hili hakuwa amelisikia. Akacheka, akamtazama Ida usoni, akaacha kucheka.

"Shemeji, mtu hapimwi akiwa hai. Huo ni uchuro."

"Uchuro ni ule wa Kichiwa," Ida akasema. "Au umesahau?"

Hakuwa amesahau. Gideoni, mdogo wake Benno, alikufa kwa presha mwezi wa nne, miaka arobaini na minne tu, na jeneza lililonunuliwa likamkataa. Kifuniko hakikufunga juu ya tumbo lake. Ndipo Mustapha alipoitwa kule kijijini na mbao zake za paina, akaunda jingine uani, huku waombolezaji wamekaa kwenye manyunyu wanasikiliza nyundo. Vijana nao ikabidi warudi kaburini kulipanua. Tabea, mjane, alikuwa mkekani anasikia kila msumari. Ida alimshika mkono akajiambia kwamba angalau Benno ameona, sasa Benno amejua.

Benno alijua nini! Walipotoka kuzika alikula sahani mbili za wali, akaongeza nyama, akajifuta mdomo na kusema, "Ndiyo hivyo. Kila mtu ana siku yake."

Siku yake! Kama sentensi ingekuwa na shingo, Ida angeinyonga hiyo palepale. Maana wiki mbili tu kabla ya msiba walikuwa wametoka hospitali Njombe, na presha ya Benno ilisoma mia tisini kwa mia na kumi na tano. Daktari, kijana mwenye miwani mizuri, alimwandikia Benno vidonge, kisha akamgeukia Ida. "Mama, wewe ndiye unayepika. Punguza mafuta, punguza chumvi, na umtembeze."

Umtembeze! Kama mbuzi. Ida alirudi na hasira hiyo Njombe mpaka Makambako. Mwanamume akinenepa, mke anasifiwa kwamba anamtunza. Akiugua, mke ndiye anayepika. Akifa, mawifi wanauliza alikuwa anamlisha nini. Huyo mwenye mdomo unaotafuna haulizwi kitu.

Hata hivyo alipika. Alipika majani ya maboga, akapika maharage bila mafuta, akaficha chumvi. Benno alisali, akala kwa adabu, akashukuru, kisha akapanda bodaboda kwenda kula kitimoto, nguruwe wa kuchoma, pale kona, umbali ambao kuku anaumaliza akichakura. Ida alibembeleza. Mchungaji akaja kusema naye. Irine, binti yao aliyekuwa chuoni Iringa, alipiga simu akilia. Kwa wote jibu lilikuwa moja: "Jumatatu naanza." Jumatatu hizo zilianza Pasaka, na sasa watu walikuwa wanavuna mahindi.

Basi Mustapha akachukua futi. Labda alimwonea Ida huruma, labda alimwogopa.

Walimkuta Benno anasinzia. "Simama, Baba Irine, fundi akupime," Ida akasema.

"Ananipima nini? Unataka kitanda kipya?"

"Jeneza. Sitaki tuaibike tena kama Kichiwa. Maadamu umekataa kuishi, angalau ulale pa kukutosha."

Benno akacheka. Alimjua mke wake kwa maneno. Lakini mikono ya fundi ina mazoea yake. Mustapha, kwa kutojua aweke wapi macho, alijikuta ametandaza futi bega kwa bega, na akanong'ona peke yake kama anavyofanya kazini: "Huyu mpana kumshinda mdogo wake."

Kicheko kikakatika. Kikombe kikapaa, kikavunjikia ukutani, na Mustapha akawa ameshafika getini, futi inaburuzika nyuma yake.

"Nitaishi!" Benno alinguruma. Alikuwa amesimama, anatetemeka mashavu. "Unanisikia, mwanamke? Nitaishi mpaka nikuzike wewe, na huyo fundi wako nimzike!"

"Haya, zika," Ida akasema. "Unaanza lini? Jumatatu?"

"Kuanzia leo sili chakula cha mkono wako! Sili chakula cha mtu aliyenipimia sanduku!"

Alisema hivyo ili amuumize, na alimuumiza kweli. Kisha akaenda kona kula kitimoto ili amuumize zaidi. Ila Makambako ni njia panda, na habari hapa hufika kabla ya basi. Mchoma nyama alimpokea kwa sauti ya kusikika hadi stendi: "Kaka Benno! Fundi kasema zitakwenda mbao ngapi?" Watu wakaangua kicheko mpaka wengine wakapaliwa. Benno akaiacha sahani haijaguswa. Nje, Dulla wa bodaboda akamuuliza kwa upole kabisa kama hilo sanduku litakaa kwenye pikipiki au watafute fuso. Benno alirudi nyumbani kwa miguu. Alisimama mara tatu njiani kuvuta pumzi, na kila aliposimama alimlaani mke wake.

Ndivyo ilivyoanza, wala asikudanganye mtu kwamba ilikuwa hekima. Ilikuwa hasira tupu. Bodaboda hakupanda tena, kwa sababu ya Dulla. Kona hakukanyaga, kwa sababu ya mchoma nyama. Na mwanamume wa miaka arobaini na minane ambaye hajawahi kushika mwiko alijua pishi moja tu, kuchemsha. Akajinunulia jiko lake la mkaa, akaliweka uani, akachemsha viazi, akachemsha maharage, akachemsha mboga za majani, bila mafuta, kwa kuwa hakujua mafuta huingia saa ngapi, na kuuliza hakutaka. Alikula akimkodolea Ida macho. Vidonge alivimeza hadharani, kimoja kimoja, kama anamtukana.

Dukani kwake alikokuwa anauza mbolea na mbegu alikwenda na kurudi kwa miguu. Baadaye ikawa hata dukani hapatoshi. Alfajiri, nyumba ikimbana kwa kununiana, alitoka akakamata njia ya Mahongole, akatembea mpaka jua litoke.

Habari zikafika Kichiwa. Esnath, dada mkubwa wa Benno na marehemu Gideoni, akaja na kikapu chake cha njegere na uso uliofungwa.

"Kamwene, wifi."

"Kamwene, dada."

"Umemtabiria kifo kaka yangu. Tumezika mmoja juzi, na wewe unamwitia wa pili fundi. Muombe radhi, haya mambo yaishe."

Ida alitaka kuomba radhi. Mungu ndiye shahidi. Nyumba ilikuwa imepoa, akapoteza hata hamu ya kuwasha redio, na usiku Benno alimgeuzia mgongo kama ukuta. Aliukumbuka utani wa mumewe. Lakini asubuhi hiyohiyo alikuwa amemwona Benno anatoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari, la tatu.

"Nikimuomba radhi leo, dada, kesho anarudi mezani kwangu, keshokutwa yuko kona na kitimoto chake. Niacheni na dhambi yangu."

Esnath aliondoka bila kunywa chai. Kanisani wanawake wawili wakahama benchi. Ida aliimba kwa sauti kubwa kuliko siku zote, kwa hasira.

Mwezi wa nne tangu ile Jumamosi, Benno alikwenda Njombe kupima, peke yake. Alirudi jua linaelekea kuzama, akapita moja kwa moja mpaka jikoni, akaweka karatasi mezani mbele ya mke wake. Mia thelathini na sita kwa themanini na nne.

"Mama Irine," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani. "Daktari amesema niendelee hivihivi. Mimi nimekusamehe. Na wewe nisamehe. Yaishe. Nipikie chapati na nyama ya kukaanga, tule kama zamani."

Yaishe. Neno hilo Ida alikuwa amelisubiri miezi minne. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye debe la unga, ukafungua kifuniko. Halafu ukasimama.

"Kama zamani?" akasema, na hasira ikampanda kutoka miguuni. "Zamani ipi, Benno? Ile ya mimi kuamka kila alfajiri nakuwekea mkono mbele ya pua nione kama bado unapumua? Miaka mitatu! Watu wananisifu kwamba nakutunza, na mimi nimelala na maiti inayokoroma! Hilo sijakusamehe. Na sitakusamehe ukiwa umekaa."

Benno hakujua habari za huo mkono. Alitazama karatasi, akamtazama Ida. Kisha akavuta koti lake msumarini. Ida akadhani safari hii ameondoka kweli.

Mlangoni Benno akageuka, amekunja uso.

"Na wewe je? Ukipanda ngazi za kanisa unahema mpaka benchi la nyuma wanasikia. Unadhani katika nyumba hii ni wewe tu unayesikiliza pumzi ya mwenzako?" Akamtupia raba za Irine zilizokuwa nyuma ya mlango. "Vaa."

Ida alivaa akisonya. Wakatoka, Benno mbele, yeye nyuma, wote wamenuna, wakashika njia ya Mahongole upepo ukiwapiga usoni. Kwenye kilima cha kwanza Ida alianza kuhema, akaziba mdomo kwa kitenge asisikike.

Benno hakugeuka. Alipunguza mwendo.