Sababu ya Alama Ndogo

Alipokuwa chuo kikuu, Msomi hakusoma. Hilo tuliseme mapema, maana yeye mwenyewe alichukua miaka kumi na mbili kulisema, na alipolisema alikuwa keshachelewa. Jina la Msomi alipewa na dada yake wakiwa wadogo, kwa sababu alijua kusoma kabla hajajua kufunga kamba za viatu, nalo likamganda. Chuoni alicheza karata. Alilala mpaka saa nne asubuhi, akaazima madaftari ya wenzake wiki moja kabla ya mitihani, akarudia masomo mawili, na mwisho akatoka na shahada ya kujikokota, ile ambayo mtu huiweka chini kabisa kabatini na kuomba asiulizwe.

Kazini alikuwa mtu mwingine. Aliajiriwa kama karani wa stoo kwenye ghala la vigae, akakuta maboksi yamelazwa, moja juu ya jingine mpaka kumi, na yale ya chini yakipasuka kila siku. Kigae kimoja kati ya ishirini kilimfikia mteja kikiwa vipande, na kila mtu alidhani ndivyo vigae vilivyo. Yeye akaagiza maboksi yasimamishwe kwa ubavu, mazito chini, na oda ya kila mteja ipangwe mahali pamoja tangu jana yake. Wapakiaji walimcheka mwezi mzima, kisha wakaacha, kwa sababu hapakuwa tena na vipande vya kuzoa. Sasa alikuwa msimamizi wa ghala. Juu yake kilibaki kiti kimoja tu, cha meneja wa tawi, na kiti hicho hakikaliwi na mtu asiye na shahada ya uzamili ya biashara.

Mwaka uliotangulia aliomba nafasi shule ya biashara, wakamjibu kwa mistari miwili: alama zake za shahada ya kwanza hazitoshi. Safari hii alijifunga kibwebwe. Alisoma miezi sita baada ya kazi, akafanya mtihani wa kuingia, akapata alama ambazo hata yeye alizitazama mara mbili. Ila fomu ilikuwa na swali lilelile lililomshinda mwaka jana: kama alama zako za chuo ni za chini, eleza sababu, na utaje mtu anayeweza kuithibitisha.

Aliandika, "Nilikuwa mvivu." Akaitazama sentensi ile, akaifuta.

Mhasibu wa ghala, ambaye alikuwa amepita shule hiyohiyo na hakuacha mtu asahau, alimcheka. Alimwambia mficha uchi hazai, lakini na anayejivua nguo sokoni naye ana lake. Kila mtu kwao ana mgonjwa, alisema, mtafute wa kwako umwandike. Kisha akarudi kwenye chai yake, na pengine alikuwa anatania tu. Msomi hakuwa na haja ya kumtafuta mgonjwa. Alikuwa naye kweli.

Mwaka wake wa kwanza chuoni, mama yao alipata kiharusi. Upande wa kushoto ulikufa wote. Dada, aliyemzidi Msomi miaka minne, alikuwa amepata nafasi chuo cha ualimu na sanduku keshafunga. Akalifungua. Alisema ataahirisha mwaka mmoja, mwaka ukazaa wa pili na wa tatu, mama akafariki, na nafasi ya ualimu ilikuwa keshapewa mwingine zamani. Dada akajifunza kushona. Katika miaka hiyo mitatu Msomi alikwenda nyumbani mara mbili. Kila alipopigiwa simu alisema ana mitihani, na Dada alimwambia asihangaike, asome, mmoja wao lazima asome. Siku ya mazishi alifika na begi zito la vitabu, na hakufungua hata kimoja.

Basi akaijaza fomu. Aliandika kwamba mama yake alipooza, na kwamba yeye mwanawe alikosa vipindi muhula baada ya muhula ili kumuuguza kwenye kitanda chake karibu na dirisha, ndiyo maana alama zikaporomoka. Kalamu ilikwenda bila kusita. Kiharusi kilikuwa cha kweli, miaka mitatu ilikuwa ya kweli, kitanda karibu na dirisha kilikuwa cha kweli. Alibadilisha mtu mmoja tu. Kwenye nafasi ya shahidi akaandika namba ya Dada.

Alikusudia kumwambia. Tusimwonee, alikusudia kwa dhati. Jumapili ya kwanza alimkuta Dada amezungukwa na sare za shule, pini mdomoni, ana furaha kwa sababu amepata oda ya shule nzima. Wakanywa chai, wakazungumza habari za bati linalovuja. Jumapili ya pili alikuja na fundi wa bati. Ya tatu alisingizia kwamba kichwa kinamuuma. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwisho alichoweza kumwambia, akiwa tayari amesimama mlangoni, ni kwamba watu wa shule huenda wakampigia simu kumuulizia habari zake.

"Wapige," Dada alisema. "Nitakusifu mpaka uone haya."

Usaili ulikuwa asubuhi, kwenye chumba chenye meza ndefu na feni iliyokuwa ikilia. Walimu walikuwa watatu, wawili wanaume waliokuwa wakiandika, na katikati mwenyekiti wao, mama wa makamo mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, mpole wa sauti. Wakamuuliza kuhusu ghala. Hapo Msomi alijisahau. Alichora maboksi kwenye karatasi, akaeleza kwa nini kigae kina nguvu kikisimama na hakina kikilala, akawasimulia jinsi wapakiaji walivyomcheka, nao wakacheka. Nusu saa ikapita bila yeye kukumbuka kuogopa.

Kisha mwenyekiti akafungua faili, akasema limebaki jambo dogo. Majina yanafungwa leo mchana, na shahidi wa maelezo yake hajapigiwa. Kama haoni vibaya, wampigie hapohapo. Msomi akasema haoni vibaya. Angesema nini kingine?

Simu ikawekwa mezani, sauti ikafunguliwa wote wasikie. Ilipopokelewa, kwanza walisikia cherehani, halafu Dada. Mwenyekiti alimwamkia vizuri, akajitambulisha, akamwambia mdogo wake yuko mbele yao na anaendelea vizuri sana.

"Ameandika kwamba mama yenu alipougua, yeye ndiye aliyemuuguza miaka mitatu, na kwamba ndiyo sababu ya alama zake za chuo," alisema. "Tunataka tu kusikia kwako. Ni kweli?"

Cherehani ikanyamaza. Msomi alitazama simu. Alikuwa na muda wa kusema, na huo ndio anaoukumbuka mpaka leo kuliko yote. Maneno yalikuwa machache, samahani mama, si mimi, ni yeye. Mtoto angeyaweza. Yeye aliikunja karatasi yenye michoro ya maboksi mara mbili, kisha mara nne.

"Ameandika hivyo?" Dada aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi ni kweli." Sauti yake ilikuwa tulivu. "Alikuwa akimwogesha kwa maji ya vuguvugu, maana ule upande uliopooza, ajabu, ulikuwa hautaki baridi. Alikuwa akimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Na hakupata, mpaka anazikwa hakuwa na kidonda hata kimoja. Mwishoni macho yalikwisha, akawa kila akiamka asubuhi anamwita yeye kwanza. Naye anaitika. Hakuna siku mama aliita akakosa kuitikiwa."

Mwalimu mmoja aliacha kuandika. Mwenyekiti akauliza, kwa upole tu, bila nia yoyote, kama hapakuwa na mwingine wa kumsaidia kijana yule.

"Nilikuwepo mimi dada yake, lakini nilikuwa chuoni," Dada alisema. "Nasomea ualimu."

"Ulimaliza?"

"Nilimaliza."

"Hongera sana, mwalimu," mwenyekiti alisema, na Dada akashukuru.

Msomi alitoka chumbani akiwa haoni vizuri anapokanyaga. Mwenyekiti alimsindikiza mpaka kwenye ngazi. Alimwambia barua itakuja, lakini aende akajipange kazini, nafasi anayo. Kisha, kwa nia njema kabisa, akamwongezea jambo ambalo afadhali angebaki nalo. Alisema habari ya mama imewagusa, Mungu amrehemu, ila asije akadhani wamemchukua kwa huruma. Waliofiwa na waliouguza wako wengi kwenye mafaili yao, hawawezi kuwachukua wote. Walichokitaka ni yale maboksi. Mtu aliyeishi na tatizo ambalo wenzake wamelizoea, akaliona. Hata angeandika kwamba alikuwa anacheza tu ujanani, wangemchukua.

Alikwenda kwa Dada moja kwa moja, bado kavaa tai. Chumba chake cha mbele kilikuwa kimejaa sare za bluu mpaka kwenye kiti cha wageni, na yeye alikuwa anashona kola.

"Usisimame mlangoni," alisema bila kuinua macho. "Unanizibia mwanga."

Msomi akasogeza sare, akakaa. Alikuwa amepanga maneno njiani, yakamwishia yote. Alisema tu, "Dada, nisamehe."

Dada aliuliza kama wamemchukua. Akasema ndiyo. Dada akasema vizuri, na ilionekana kwamba amefurahi kweli, na hilo ndilo lililomvunja Msomi kabisa. Akaanza kulia, mwanamume wa miaka thelathini na minne, na katikati ya kulia akamweleza yote, swali la fomu, Jumapili tatu, karatasi aliyoikunja. Alisema kesho asubuhi atarudi kwa yule mama amwambie ukweli, na wakimfukuza wamfukuze.

"Hutarudi," Dada alisema.

"Lazima nirudi."

"Ukirudi, utawaambia nini juu yangu? Kwamba nilidanganya mbele ya walimu watatu, nikajiita mwalimu?" Alikata uzi kwa meno. "Uongo ulikuwa wako. Sasa ni wangu pia. Umenipa, nimeupokea, tuuache ulale."

"Ungekataa tu, Dada. Ungesema ukweli."

"Na wewe umekaa pale mbele yao?" Kwa mara ya kwanza alimtazama. "Sanduku langu nililifungua kwa sababu gani? Ili wewe usome. Ningekufungia mlango leo, ile miaka ingekuwa ya nini? Lakini ungeniambia, mdogo wangu. Ungenikalisha hapo ukaniomba. Ningekupa. Kuna nini nilichowahi kukunyima?"

Hapakuwa na kitu. Msomi alitafuta, hakukiona. Nje watoto walipita wakivutana mikoba. Dada alirudi kwenye kola yake. Msomi alipangusa uso kwa tai. Kuna neno moja lililokuwa limemkaa tangu chumba cha usaili, na alijua hana haki ya kuliuliza, akaliuliza.

"Ni kweli mama alikuwa ananiita? Au ulisema kwa ajili yao?"

"Kila asubuhi."

"Nani alikuwa anaitika?"

"Nani mwingine alikuwepo?" Aliisimamisha cherehani kwa kiganja. "Mwanzoni nilikuwa naitika abee, kama ninavyoitika siku zote. Basi anahangaika. Nani wewe, mdogo wako yuko wapi, mbona haji. Asubuhi nzima. Siku moja nikachoka, nikaikaza sauti nikasema naam. Akatulia. Tangu hapo nikawa naitika naam."

Miaka mitatu ya kumwogesha na kumgeuza, na asubuhi zote za mwisho mama alimwita mwingine. Msomi aliifikiria sauti ile nzito ya kubuni ikitoka kwa dada yake, na mkono wa mama uliokuwa bado mzima ukinyooka kumtafuta yeye, ambaye saa ileile alikuwa bwenini amejifunika shuka mpaka kichwani. Alitamani angekuwa hata nusu saa tu katika chumba kile. Kwa miaka kumi na mbili hakuwahi kukitamani, na sasa alikitamani.

"Ukishamwitikia," alisema, "alikuwa ananiambia nini?"

Dada alivuta kola nyingine kutoka kwenye rundo, akaigeuza upande wa ndani, akaiweka chini ya sindano.

"Kwani hukuwepo?" alisema.