Beji ya Somo Yangu

Mjukuu wangu Salvina ni somo yangu. Jina nililobatizwa mimi ndilo alilopewa yeye. Anafanya kazi mgodini Geita, kwenye bomba la tope lenye kipimo kinachotumia mionzi. Kwa hiyo kifuani huvaa beji ya plastiki yenye jina lake, na kila miezi mitatu beji hiyo hupelekwa ikaangaliwe imekula mionzi kiasi gani.

Safari hii majibu yalikuja mabaya. Wakamtoa kazini, wakamchukua damu. Akaja kwangu Runzewe kusubiri. Hali chakula, halali usingizi. Wilbard, mchumba wake, akipiga simu, haipokei.

Siku ya tano akaniuliza, "Bibi, na kama sitazaa?"

Nikamwomba anisimulie hiyo damu inapimwaje. Akasema chembe zake hukuzwa kwenye chupa yenye joto siku mbili, kisha hutazamwa kwa darubini. Ndani mna nyuzinyuzi, kila uzi na kiuno chake kimoja. Mionzi ikizikata, vipande hujiunga ovyo, ukakuta uzi mmoja una viuno viwili. Basi wanakagua chembe elfu moja.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega."

"Mwenye kiuno kimoja apite, mwenye viwili asionekane."

"Nyuzi zangu," akasema, na meno nikayaona.

Majibu yalikuja kwa simu tukichambua mchicha. Chembe elfu nzima, hakuna hata uzi mmoja wa viuno viwili. Akalia mapajani pangu mpaka kitenge kikalowa. Kisha akainua kichwa: sasa hiyo beji ilikula mionzi wapi?

Hapo nikakumbuka. Alipokuja likizo, akaenda Kahama kwa Wilbard, overoli aliiacha kwangu, imetundikwa msumarini na beji yake. Nami nilikuwa na safari ya Mwanza, kupigwa picha ya kifua kwenye ile mashine ya mionzi ya duara. Wakaniambia nivue vyuma. Nikavua rozari na hereni. Beji ni plastiki, nilikuwa nimeibana ndani ya gauni.

"Bibi, uliingia mashineni na beji yangu?"

"Ina jina letu, somo. Niliogopa kuingia peke yangu."

Alinitazama, akacheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu tukaenda wote Geita. Nikamweleza msimamizi wake, akaandika, nikatia sahihi. Salvina akarudishwa kazini.

Pale stendi alinipa picha yake ndogo ya pasipoti.

"Ukiogopa tena," akasema, "ingia na hii."