Hata Kikohozi Mjomba Alikisimulia

Mjomba wangu alitangaza mpira redioni miaka thelathini, na hicho ndicho kilichomharibu. Alipotengeneza filamu ya marehemu mama yake, yaani bibi yangu mshonaji, kwa picha za video alizompiga akiwa hai, aliisimulia mwanzo mwisho. Bibi akishika sindano, sauti ya Mjomba inasema ameshika sindano. Akikohoa, tunaambiwa amekohoa. Jamani, si tunamwona!

Lakini ningemwambiaje? Kanilea tangu nina miaka sita, na hii kazi ya kuhariri filamu kanisomesha yeye. Nikameza. Filamu yake nilikuwa naihariri mimi, na nilipochoka kabisa nikawa naizima sauti yake kwenye kompyuta, nifanye kazi kwa amani, halafu naiwasha kabla hajaja kukagua.

Siku ya kuonyesha, ukumbi ulijaa ndugu, majirani na wateja wa zamani wa Bibi. Taa zikazimwa. Bibi akatokea, akatunga uzi, cherehani ikalia, basi. Moyo ukanilipuka paa! Nakala nimeitoa sauti ya Mjomba ikiwa imezimwa.

Mwenyewe alikaa mbele, koti jipya, midomo ikicheza. Maneno yote alikuwa nayo kichwani. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Pale kwenye skrini Bibi akang'ata uzi, akaangalia kamera, akacheka kidogo. Mteja mmoja nyuma yangu akasema taratibu kwamba ndiye huyo, ndivyo alivyokuwa. Midomo ya Mjomba ikatulia.

Baadaye nilimfuata koridoni nikamweleza yote, mpaka kwamba wiki nzima nilikuwa namzima kusudi. Akaniuliza kama hata pale pa kikohozi nilimzima. Nikakubali.

"Redioni usiposema, mtu haoni," akasema. "Niliogopa hawatamwona mama yangu."

"Wamemwona, Mjomba."

Akashusha pumzi ndefu, na mimi nikashusha yangu. Nilifurahi mpaka nikataka kulia. Akaomba nimwachie sentensi moja tu, pale mwisho cherehani inaposimama.

Tuliirekodi kesho yake jikoni kwake, friji tumeichomoa isingurume. Nilijiandaa kwa hotuba, namjua. Akasogelea maikrofoni akasema, "Huyu ndiye mama yangu," halafu akanyamaza mwenyewe, bila kuzimwa na mtu.