Wanamuziki Wasiofika

Mwaka wa themanini na nne Musyimi alinunua televisheni, akaiweka juu ya kabati la mikate katika hoteli yake ya chai pale Voi, na Jumamosi za mtaa ule zikabadilika. Saa kumi na moja jioni kulikuwa na katuni. Makuli wa stesheni na wauza nyanya, watu wazima na ndevu zao, walibanana kwenye mabenchi wakicheka kama watoto wa chekechea.

Elsie, fundi cherehani wa mtaa wa Kaloleni, aliingia mara ya kwanza kwa kukimbia mvua tu. Kwenye kioo aliona bendi ya ajabu: mbuzi mwimbaji aliyevaa tai, mzee wa tarumbeta mwenye shingo kama bomba la maji, msichana mpiga ngoma aliyechorwa bila mdomo, na kijana mwembamba wa gitaa. Walikuwa safarini kwa lori bovu, kwenda kupiga muziki arusini, na kila wiki waliishia pasipo pao. Mara gerezani, mara chini ya bahari. Maneno yao yalikuwa Kizungu cha haraka ambacho nusu ya hoteli haikukielewa, na wala haikujali. Siku ile mbuzi alimeza tarumbeta, na kila alipojaribu kuomba radhi, tumbo likalia paaa! Elsie alicheka mpaka akashika mbavu.

Kisha kijana wa gitaa akapiga tumbo la gitaa lake kwa kiganja, mara tatu, kabla ya kugusa nyuzi. Elsie akaacha kucheka.

Ndivyo alivyokuwa akifanya Obadiah, kaka yake.

Obadiah alikuwa na bendi ya vijana wa Mwatate, na Elsie ndiye aliyekuwa mwimbaji wao. Pasaka ya mwaka sabini na tisa walialikwa kwenye arusi kule Mackinnon Road. Walipofika Voi, Obadiah alimwambia mbele ya wenzake kwamba sauti yake siku hizi inakwaruza. Elsie alishuka kwenye lori kwa hasira. "Basi tutakungoja Miasenyi," kaka yake alimwita. "Hasira zikiisha, panda basi utufuate." Elsie hakupanda basi. Alikwenda nyumbani akajifunika shuka gubigubi. Giza lilipoingia, lori lile liligonga trela lililoegeshwa barabarani bila taa. Akapona Fanuel peke yake, mpiga ngoma, akabaki na mguu mmoja uliokataa kukunjika. Tangu hapo Elsie hakuimba tena, hata kanisani.

Sasa ikawa Jumamosi ikifika anafunga cherehani mapema, anabeba kigoda chake, anakaa mbele kabisa. Wateja walimtania. "Huyu ameolewa na mbuzi," alisema Musyimi. Elsie alitabasamu tu. Alizijua safari zote za ile bendi, akawa akivuma wimbo wao huku akipiga pasi. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomnyima usingizi. Ndani ya lori, kando ya yule kijana, daima palibaki nafasi tupu, na kijana alikuwa akigeuka kutazama nyuma, barabarani.

"Musyimi, umeiona ile nafasi?"

"Nafasi gani? Mimi naona mbuzi."

Wiki ya saba hakuvumilia. Alikwenda Mwatate, akamkuta Fanuel katika duka lake la kurekebisha baiskeli, akamwomba aje aone. Jumamosi Fanuel akaja na mguu wake, akakaa. Hoteli nzima ilikuwa inavunjika mbavu: bendi imeingia matangani na kupiga muziki wa arusi, hata maiti anatikisa kidole. Fanuel hakucheka. Kijana alipopiga gitaa mara tatu, chai ilimmwagikia mapajani.

Walitoka nje.

"Fanuel, niambie ukweli. Miasenyi mlisimama?"

"Nilishakuambia. Tulipita moja kwa moja."

"Niambie tena ukinitazama."

Fanuel akatazama viatu vyake. "Tulisimama, dada. Saa nzima, na zaidi. Kila basi lilipokuja, Obadiah aliinuka. Sisi tulimwambia giza linatukuta njiani. Akasema, nyinyi hamumjui Elsie, huyo atakuja." Akapangusa chai mapajani. "Nilidhani nikificha, utapona haraka."

 Elsie alihisi kama mtu ameweka mkono baridi katikati ya mgongo wake, na mkono ule haukuondoka usiku kucha, wala siku iliyofuata.

Jumatatu walikwenda Miasenyi pamoja. Mama wa kuuza chai kando ya barabara, Syokau, ambaye bendi ilimngojea Elsie kibandani kwake, alikuwapo bado, macho yameanza ukungu. Fanuel alipoeleza, aliacha kukoroga sufuria.

"Vijana wa gitaa? Ni wewe yule msichana?" Akamsogelea Elsie mpaka pumzi zao zikakutana. "Kijana aliniachia maneno. Nilichungulia kila basi siku ile, nikiuliza, Elsie yumo? Elsie yumo? Kesho yake nikasikia ajali. Nikasema, maneno haya sasa nimpe nani?"

"Nipe mimi, mama."

"Alisema, akija dada yangu, mwambie sikukasirika. Mwambie sisi tumetangulia."

Lori kubwa la mafuta lilipita, vikombe vikatetemeka mezani. Elsie alimwomba ayarudie. Syokau akayarudia, na mara ya pili ile sauti ilikuwa na lafudhi ya milimani, lafudhi ya Obadiah, ambayo mwanamke huyu wa Kikamba hakuwa nayo. Fanuel aliisikia pia. Alishika ukingo wa meza.

Elsie akaketi kwenye benchi, akalia kwa sauti, bila kujificha uso, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Katuni zile ziliisha mwezi uliofuata bila kuaga. Badala yake kikawekwa kipindi cha ukulima. Wateja walinung'unika wiki mbili, wakasahau. Elsie alirudi kwenye kwaya, akasimama safu ya nyuma. Sauti yake ilikwaruza kweli, hakuna aliyemwambia. Na baadhi ya Jumapili, wimbo unapokwisha na kanisa kunyamaza, yeye husikia gitaa moja, mbali, likimalizia ubeti peke yake.