Mtandio Juu ya Kioo

Kwa miaka minane, fundi saa na mama mkwe wake hawakuwahi kuzungumza zaidi ya shikamoo, marahaba na habari za mvua. Si kwamba waligombana. Mama alikuwa matroni mstaafu wa bweni la wasichana, mwanamke aliyenyoosha mgongo hata akiwa amelala, na fundi alikuwa mtu wa haya. Akimwona tu, ulimi unamganda.

Kwa hiyo mkewe alipopanga safari ya familia kwenye boti ya kioo, kisha asubuhi akaamka na mafua na kusema, "Nendeni tu na Mama," fundi alitafuta njia ya kukwepa kabla hajaiona bahari.

"Mke wangu, si tungoje upone?"

"Redio ameshavaa viatu."

Redio alikuwa binti yao wa miaka saba. Jina hilo walimpa majirani, maana hazimwi.

Boti ilikuwa na paa la turubai, mabenchi mawili yaliyotazamana, na katikati ya sakafu kioo kirefu kama meza ya chakula. Walipofika juu ya matumbawe, nahodha akazima injini, akashika kipaza sauti.

"Ndugu abiria, tazameni chini!"

Mama akatazama. Samaki kama hamsini walikuwa wamemkodolea macho. Akabana magoti. Kisha akavua mtandio wake mpana wa buluu, akautandaza juu ya kioo, akaukanyaga pembeni usisogee. Nusu ya bahari ikapotea.

"Mama, sisi tumekuja kuona samaki," akalalamika bibi harusi mmoja aliyekuwa fungateni.

"Na wao wamekuja kuona nini?" Mama akauliza. "Mimi nimevaa gauni."

Nahodha akamnong'oneza fundi, akisahau kwamba kipaza sauti kiko mdomoni: "Kaka, hebu ongea na mama yako."

"Si mama yangu. Ni mkwe wangu."

"Aaah," boti nzima ikasema kwa huruma.

Fundi akameza mate, akamwinamia binti yake. "Mwambie bibi, kwa heshima zote, naona kama mtandio wake utalowa."

"Bibi!" Redio akapaza sauti. "Baba anasema uondoe nguo yako!"

Watu walishika mbavu. Fundi alitamani kioo kipasuke kimmeze peke yake.

"Umesema hivyo?" Mama akamgeukia.

"Hapana, mama! Yaani nimesema, lakini si hivyo. Mama..." Jasho lilimtiririka. "Samaki hawajui gauni ni nini!"

Mama alimtazama kwa jicho ambalo zamani lilizima taa za bweni zima. Lakini kabla hajafungua kinywa, wimbi likaisukuma boti, mguu wake ukateleza, na mtandio ukajikunja pembeni. Chini yake palikuwa na kasa mkubwa, akipiga makasia yake polepole, uso umekunjamana kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati.

Mama akapiga magoti. "Huyu namjua," akasema. "Huyu ni mkuu wetu wa shule mtupu!"

Akaangua kicheko. Fundi hakuwahi kukisikia: kicheko chembamba cha kukatikakatika, kama cha mtoto anayetekenywa. Kisha, bila kumwomba mtu ruhusa, Mama akalala kifudifudi juu ya kioo amfuate kasa vizuri.

"Sasa ameziba kwa mwili," bibi harusi akasema.

"Baba, njoo uone!" Mama akamwita fundi. "Lala hapa, acha kusimama kama mlingoti."

Kulala sakafuni ubavuni mwa mkwe! Fundi alitazama huku na huku, asione pa kukimbilia. Akalala. Kasa alikuwa ameshaondoka, lakini samaki wadogo wa manjano walipita kwa mamia, na mmoja mwenye mistari akawa anamfukuza mwenzake huku na huku, hampi hata nafasi ya kupumua.

"Yule mkorofi anaitwaje?" Mama akauliza.

"Sijui, mama. Lakini akiwa nyumbani kwangu, huyo ni mke wangu."

Maneno yalishatoka. Fundi alifumba macho, akangoja.

"Ni yeye kabisa," Mama akasema. "Alianza kukimbiza wenzake hivyo akiwa na miaka miwili. Binamu yake, maskini, alijificha juu ya kabati kutwa nzima. Sogea, nikusimulie."