Swaumu ya Jumanne

Kwa miezi minane Modester hakutambua jambo ambalo mtoto yeyote wa madrasa angelitambua: Suhaila alikuwa akifunga hata siku ambazo mwanamke wa Kiislamu hafungi.

Modester alikuwa mhariri wa vitabu vya watoto katika ofisi ya vyumba viwili, Chake Chake. Alikuwa Mkristo kutoka bara, mwenye adabu kwa dini za watu, na adabu hiyo ndiyo iliyomfumba macho. Suhaila, binti wa mkulima wa muhogo wa Pujini, alikuwa mwanafunzi wa kazi, bila mshahara wala nauli. Alichora, alipanga kurasa, alipeleka rasimu shuleni na kuwasomea watoto wa darasa la pili ili aone ni wapi wanapochoka. Modester mwenyewe ndiye aliyemwahidi ajira akivumilia miezi minane.

Waajiriwa walichangia chungu cha mchana kwa kukatwa mshahara. Asiye na mshahara hakuwa na cha kukatwa. Kila sahani zilipoingia, Suhaila alisema neno lile lile, macho yake yakiwa kwenye karatasi:

"Nimefunga mie, Bi Modester."

"Ukifika peponi utukumbuke sisi walafi," Linus wa uhasibu alimtania, na Modester akacheka. Siku moja, midomo yake ingali na mafuta ya mchuzi, alimrudishia Suhaila mchoro wa kitabu cha chakula bora.

"Sahani hii imekauka. Mwongezee mtoto samaki."

Suhaila akaongeza samaki.

Jumanne moja, Suhaila akiwa shuleni na rasimu, Bi Zulekha aliyewapikia alisita mlangoni.

"Bi Modester, wewe msomi. Hebu nkuulize. Huyu mtoto wadhani kafunga?"

"Anafunga sunna. Ni mcha Mungu."

"Sunna Jumatatu na Alkhamisi. Leo Jumanne. Haya, tuseme kapenda thawabu. Wiki iliyopita kaja jikoni kuniomba pedi, na mchana ule ule kakwambia kafunga. Mwenye hedhi hafungi, mwanangu. Haramu." Alishusha sauti. "Yule hana swaumu. Ana njaa."

"Mbona hukuniambia?"

"Mie mpishi tu. Anayekaa naye meza moja ni wewe."

Modester alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Mzee Haroub alimkaribisha kiti, akamuulizia watoto, akamsikiliza hadi mwisho.

"Miezi minane imetimia, Mzee. Tumwajiri. Au walau ale nasi."

"Nikimlisha leo, kesho ataomba nauli." Alivuta droo. "Tazama. Barua kumi na saba. Wote wana shahada, na wote wanakitaka kiti chake, bure." Alitabasamu kwa upole. "Wa kwako wewe, mkataba unahuishwa lini?"

"Juni, Mzee."

"Basi tusichoshane kabla ya Juni. Hapo chini, sahihi ya msimamizi."

Fomu aliyomsogezea ilikuwa imeshajazwa: mafunzo ya Suhaila yameongezwa miezi sita. Modester aliisoma mara mbili, kama asomavyo rasimu ya mwisho. Haikuwa na kosa. Akatia sahihi.

Suhaila aliporejea, viatu vyake vikiwa vyekundu kwa vumbi, alikuta sahani ya Modester mbele ya kiti chake, haijaguswa.

"Kula, mwanangu."

Msichana aliitazama sahani, kisha akautazama mlango wa jikoni, akaelewa.

"Na ile kazi, Bi Modester?"

"Wameongeza miezi sita."

"Msimamizi si wewe? Katia nani sahihi?"

Suhaila aliisogeza sahani polepole, mchuzi usije ukamwagikia michoro.

"Mie sikuja kuomba chakula," alisema. "Nilikuja kazini."

Alimaliza ukurasa uliobaki, akaosha brashi, akafunga mtandio wake vizuri, akaaga kwa heshima kama siku zote. Jumatano hakuja. Wiki iliyofuata hakuja.

Kitabu cha chakula bora kilichapwa bila jina lake, kwa kuwa hakuwa mwajiriwa. Nafasi yake ilitangazwa upya, na tangazo likaongezwa sharti moja: mwombaji awe na uwezo wa kujigharamia chakula cha mchana. Modester ndiye aliyelihariri.