Mchuzi wa Msiba wa Fidencia

Kwa miaka minne Otilia Barragán alipanda milima ya Oaxaca, huko Meksiko, hadi kijiji kimoja kila aliposikia kuna msiba, kwa kuwa mchuzi mweusi aliokuwa akiutafuta, chichilo, haukupikwa kijijini hapo ila kwa ajili ya wafu. Alikuwa akiandika kitabu cha mapishi ya kale, na mchuzi huo ulibaki katika nyumba moja tu, ya Bibi Casilda. Bibi aliketi na kusema. Otilia aliketi mkabala naye na kuandika. Nyuma yao Fidencia, bintiye Bibi, alichoma mbegu za pilipili hadi zikawa majivu, akaonja, akaongeza, akaonja tena. Hakuna aliyemwuliza lolote.

Kila aliporudi mjini, Otilia aliupika kwa vipimo alivyoandika, na kila mara ulitoka mchungu usiolika. Alilaumu jiko lake la gesi.

Safari ya tano, aliyekufa alikuwa Fidencia. Waombolezaji walikwisha kuketi uani, na Bibi Casilda alisimama mbele ya chungu kitupu.

“Nisomee madaftari yako, mwanangu.”

Otilia akasoma: pilipili nyeusi ishirini na nne, chapati mbili za mahindi zilizoungua, majani matatu ya mparachichi.

“Nani kakwambia hayo?”

“Wewe, Bibi.”

“Mimi ulimi ulikufa na ile homa, hata chumvi siijui. Nilikuwa nasema tu ili usiondoke mikono mitupu, nawe umepanda milima yote hii na viatu vyako vile vya mjini. Mpishi ndiye huyo aliyelala ndani.”

“Mbona hamkuniambia?”

“Alikuwa hatua tatu nyuma yako. Haya, mwenye macho, niambie: yale majivu aliyaosha mara ngapi?”

Otilia hakujua hata kwamba yalioshwa. Alipekua madaftari yote manne. Humo Fidencia alitajwa mahali pamoja tu: *binti alileta kahawa.*

“Mara mbili,” akasema.

Wakapika. Watu wakala kimya na kumaliza sahani zao, maana chakula cha wafiwa hakisemwi. Bibi Casilda alizichunguza nyuso zao asiambulie kitu, kisha akamgeukia Otilia, ambaye alikwisha kuonja chichilo ya Fidencia misiba minne.

“Ndio wenyewe?”

Uchungu wa mchuzi, ule ule wa jikoni kwake mjini, ulikuwa bado umemkaa ulimini.

“Ndio wenyewe, Bibi.”

“Basi andika.”

Akaandika.